Andiko la Nne la Neptuni

Lyle Brandvold aliambiwa Jumanne asubuhi, ofisini kwa mkurugenzi wa maabara yetu, kwamba andiko la kuombea fedha za chombo cha kwenda Neptuni litaandikwa tena, la nne sasa, na kwamba mara hii kiongozi wake hatakuwa yeye. Atakuwa Renata Villegas.

Nilikuwepo. Mimi nilikuwa mhariri wa maandiko ya utafiti pale, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, kuwanyooshea wanasayansi sentensi zao ili wakubwa wa Washington wazisome bila kusinzia. Mkurugenzi, Stuart Pelham, aliniita tupange ratiba. Sikujua kwamba alikuwa hajamwambia Lyle.

Lyle alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mrefu wa miaka sitini na moja, mabega yameinama mbele kama ya mtu aliyezoea milango mifupi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Renata ameshajua?" akauliza.

"Tulimwambia jana."

"Jana."

"Lyle, tunakutaka kwenye umeme. Hakuna mtu anayeijua mitambo ya plutoniamu kama wewe. Bila wewe hatuna andiko."

"Sawa," akasema Lyle, akainuka. Mlangoni aligeuka kana kwamba kuna jambo amelisahau, kisha akatoka.

Baadaye sana aliniambia kwamba kilichomchoma siku ile si kunyang'anywa uongozi. Kilichomchoma ni ile jana. Kwamba Renata alilala akijua, na yeye, usiku huohuo, alikula samaki wake, akatazama besiboli na mkewe, akalala fofofo kama mjinga.

Lyle alikuwa mtoto wa wakulima wa viazi sukari huko Dakota Kaskazini. Akiwa kijana alifanya kazi Idaho, kwenye majengo yanakotengenezwa mitambo ya umeme wa plutoniamu, na huko ndiko alikoipata Neptuni. Neptuni iko mbali kiasi kwamba ukiwa kule jua ni nyota tu iliyozidi wenzake. Paneli za jua hazifui dafu. Chombo kinachokwenda huko lazima kibebe madini ya plutoniamu, ambayo hutoa joto yenyewe mwaka hadi mwaka, na joto lile ndilo linalogeuzwa umeme. Lyle alikuwa akiwajazia wenzake mitambo ya kwenda sehemu nyingine, akaanza kujiuliza mbona hakuna anayekwenda kule. Tangu hapo hakuuliza kitu kingine.

Aliongoza andiko la kwanza akiwa na miaka thelathini na tisa, la pili akiwa na arobaini na saba, la tatu akiwa na hamsini na tano. Yote yalikataliwa. Na yote yalikataliwa kwa sababu moja, nami nazijua barua za waamuzi wa Washington kwa sababu nilizisoma mbili kati ya tatu. Ndani ya chombo chake kulikuwa na tufe la chuma aliloliita Kokwa, ambalo lingeachiwa lidondoke ndani ya mawingu ya Neptuni, lipime upepo mpaka lipondeke. Lilikuwa zito, na lilikula nafasi ya vitu vingine. Mara ya tatu waamuzi walimwandikia waziwazi: toa Kokwa, ulete tena. Lyle alikataa. Alisema kwenda Neptuni bila kuingia ndani ya upepo wake ni kama kwenda harusini ukabaki getini.

Renata, Lyle ndiye aliyemwajiri. Hilo nalo lilimuuma. Alikuja kutoka El Paso akiwa na miaka ishirini na sita, binti wa fundi wa mashine za kupoza nyumba, na kwenye usaili aliulizwa swali ambalo hakulijua, akajibu, "Sijui, lakini nipeni kalamu." Lyle akamwambia Pelham, huyo huyo. Alimfundisha kila kitu. Alimfundisha kwamba ukurasa wa kwanza wa andiko unatakiwa umfanye mtu aliyechoka akae wima. Renata akamwita "Bosi", na baada ya miaka kumi na saba, alipokuwa bosi wake, aliendelea kumwita hivyohivyo.

"Bosi, una dakika?" angesema, kichwa kimechungulia mlangoni.

"Wewe ndiye bosi sasa," Lyle angejibu.

"Acha hizo, Bosi."

Alisema kwa mapenzi. Lyle alisikia kejeli.

Watu wa maabara ni wapole, hawagombani hadharani, kwa hiyo wivu wa Lyle haukuwa na pa kutokea, ukabaki ndani kama kijiba. Alianza kuhesabu. Picha ya Renata iliwekwa kwenye televisheni ya mapokezi, pamoja na ile ya sayari ya bluu, na Lyle akagundua kwamba inatokea kila baada ya sekunde arobaini. Renata alihojiwa redioni. Lyle alisikiliza mahojiano yale mara tatu ili kuona kama atatajwa. Alitajwa mara moja, "wenzangu waliotangulia," bila jina. Kulikuwa na mhadhara wa Renata kwenye mtandao, na kila asubuhi kabla ya kufungua kazi Lyle alikwenda kutazama umefikisha watazamaji wangapi. Wake yeye, wa miaka minane iliyopita, ulikuwa umetazamwa na watu mia nne kumi na mbili, na kati ya hao, aliniambia, karibu thelathini walikuwa yeye mwenyewe.

Novemba tulikuwa na chakula cha pamoja, kila mtu akileta alichopika. Lyle alileta lefse kama kila mwaka, zile chapati nyembamba za viazi za kwao, amezipaka siagi na sukari na kuzikunja vizuri. Renata alileta tamale, unga wa mahindi na nyama ya nguruwe vimefungwa ndani ya maganda ya mahindi. Kufikia saa sita na nusu tamale zilikuwa zimekwisha, watu wanalamba vidole. Lefse zilikuwa bado zimepangana.

"Lyle, hizi za kwako nitazibeba nyumbani," nilimwambia, nikimwonea huruma.

"Usijisumbue, Gwen. Na hili nalo amelichukua."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mkewe, Doreen, aliyekuwa muuguzi wa shule kabla ya kustaafu, alimwona kabla yetu sote. Siku moja walikuwa wanakunja mashuka, Lyle akiongea, na Doreen akamkatiza.

"Umesema Renata mara tisa tangu tuanze kukunja."

"Nazungumzia kazi."

"Huzungumzii kazi. Una wivu, Lyle."

"Wivu wa nini? Mtu niliyemfundisha mwenyewe?"

"Ndiyo huo," akasema Doreen. "Shika kona yako, shuka linaburuta."

Jambo lenyewe lilitokea Februari, wiki sita kabla ya andiko kupelekwa Washington.

Renata alikuwa ameamua kuahirisha urushaji kwa miaka mitatu. Ulikuwa uamuzi mzuri: mwaka ule chombo kingepita karibu na sayari kubwa ya Mshtarii na kusukumwa na uvuto wake, kifike Neptuni kwa miaka kumi na mitatu badala ya kumi na saba. Kila mtu alimsifu. Lyle mwenyewe aliwahi kulifikiria hilo zamani, akaliacha. Lakini plutoniamu ilikuwa imeshapangiwa mwaka wake wa kutengenezwa, na ikishatengenezwa haimsubiri mtu. Inaendelea kupoa hata ikiwa ghalani.

Jumatatu moja Lyle alipewa ukurasa wa kumi na nne aupitie na kuutia sahihi. Ulikuwa ukurasa wa jedwali la umeme, unaoonyesha kila kifaa kitapata wati ngapi chombo kikishafika. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Aliyetengeneza jedwali alihesabu kupungua kwa umeme kuanzia siku ya kurushwa. Ile miaka mitatu ya ghalani hakuihesabu. Lyle alichukua penseli. Wati thelathini na nne hazikuwepo. Nyumbani, wati hizo ni taa moja hafifu ya kusomea. Kwenye chombo cha Neptuni, ambako kila wati imeshagawiwa mwenyewe, ni kifaa kizima kinachokufa njaa.

Jedwali lilikuwa limepitishwa na Renata, na herufi zake mbili za jina zilikuwa pale chini kwa wino wa bluu.

"Nilihisi nini?" Lyle aliniambia baadaye. "Nitakwambia ukweli. Nilihisi joto tumboni, kama mtu aliyekunywa supu. Nilifurahi, Gwen. Nilikaa pale na ule ukurasa nikafurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima."

Hakuutia sahihi. Hakusema pia. Aliuweka mezani, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

Jumatano Renata alichungulia mlangoni.

"Bosi, umeuona ukurasa wa kumi na nne?"

"Bado naupitia."

"Una tatizo?"

"Nikiliona nitakwambia."

"Haya. Najua kikipita kwako kimepita," akasema Renata, akaondoka.

Maneno yale yangemtikisa siku nyingine. Siku ile aliyasikia kama mtu anayempiga mgongoni kumpa pole. Alikuwa ameshajua atasema lini. Jumatano iliyofuata kulikuwa na jaribio: maabara ilikuwa imewaalika watafiti watano wastaafu kutoka nje, waje wakae upande mmoja wa meza na kulihoji andiko kana kwamba wao ndio waamuzi wa Washington. Siku tisa tangu ajue. Doreen alisema siku zile tisa alikuwa mchangamfu, anapiga mluzi akiosha vyombo, akafikiri labda ule upepo umempitia.

Siku ya jaribio Lyle alivaa tai. Hilo niliwahi kuliona mara mbili tu.

Renata alisimama mbele akaongea saa nzima bila karatasi. Nitasema kweli, aliongea vizuri. Alieleza kwa nini twende, kuna nini kule, mwezi wa Neptuni unaotapika barafu, pepo zinazokimbia kuliko risasi. Wale wazee watano waliandika. Nilimtazama Lyle akiwa kwenye safu ya pembeni. Alikuwa anatazama mikono yao inavyoandika.

Kisha mmoja wao, mama mwembamba wa Arizona aliyeitwa Dokta Winifred Stroud, akauliza, "Umeme mkifika. Mna uhakika nao?"

"Tunao uhakika," akasema Renata. "Tuna wati mia tano sabini na saba, na matumizi yetu ni mia tano sitini na nane. Ni kidogo, lakini inatosha."

Lyle akainua mkono. Hakungoja kuitwa.

"Samahani. Namba hiyo si kweli."

Lyle alisimama, akaenda ubaoni, akachukua kalamu kutoka kwenye meza ya Renata, na akaanza kuandika. Angeweza kulieleza jambo lile kwa sentensi mbili. Alilieleza kwa dakika saba. Alichora ghala. Alichora miaka. Alichora mstari unaoshuka. Na alipofika mwisho akaweka mduara kwenye thelathini na nne, akasema, bila kumtazama mtu, "Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Shingo ya Renata ilikuwa nyekundu hadi masikioni. Alisogea ubaoni. Alihesabu kimyakimya, midomo ikitembea, akahesabu tena. Nilisikia mashine ya joto ikinguruma darini.

"Lyle yuko sahihi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina. Kisha akamgeukia na kuuliza, kwa sauti ileile ya kawaida, "Uliiona lini?"

Sidhani Lyle alikuwa amelitegemea swali hilo. Alikuwa ameyaandaa yote isipokuwa hilo. Na hakuwa mtu aliyezoea kusema uongo haraka.

"Wiki iliyopita," akasema. "Jumatatu."

Watu wanane kwenye chumba kile, pamoja na mkurugenzi, walikuwa wanapiga hesabu moja ileile.

"Sawa," akasema Renata. "Basi tumepoteza siku tisa. Dokta Stroud, swali lako sina jibu lake leo. Nitakuwa nalo Ijumaa. Tuendelee na mawasiliano."

Akaendelea.

Walipotoka kwenda kula, Lyle alibaki nyuma akikusanya vitu vyake taratibu, kwa hiyo alikuwa kwenye ujia wakati Dokta Stroud anamwambia Pelham mbele ya mashine ya kahawa, "Huyo dada mshikilie. Kapigwa kofi mbele za watu na hakuyumba. Mimi ningelia." Pelham akasema kitu ambacho Lyle hakukisikia. Stroud akajibu, "Yule mzee? Yule ana jambo lake."

Hiyo ndiyo faida aliyoipata. Siku tisa alikuwa amemchimbia mwenzake shimo, na mwenzake aliposimama ndani ya shimo lile akaonekana mrefu zaidi.

Renata alikwenda ofisini kwa Lyle saa tisa mchana. Mlango aliufunga. Mimi sikuwepo, lakini wote wawili walinisimulia kwa nyakati tofauti, na maneno yao yanakaribiana.

"Ungeniambia Jumatatu ile," akasema Renata.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sijui."

"Unajua."

Lyle alitazama dirishani. Theluji chafu ilikuwa imerundikana kwenye maegesho. "Nilitaka uone inavyokuwa," akasema hatimaye. "Kusimama mbele ya watu ukakatwa maneno. Mimi nimekatwa mara tatu."

"Na mbili kati ya hizo nilikuwa safu ya nyuma nalia," akasema Renata. "Hukuwahi kugeuka kuangalia nani yuko nyuma."

Lyle alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Pelham ameniuliza kama nataka utolewe," akasema Renata.

"Umesemaje?"

"Nimemwambia nahitaji umeme. Hasira ninayo, usidhani sina. Lakini hasira yangu haiwezi kunitengenezea jedwali. Nataka namba mpya kesho saa nne. Na kamera ya joto inatoka."

Lyle alifikiri hakusikia vizuri. Kamera ya joto ilikuwa ya Renata. Ndicho kifaa alichokijenga miaka kumi na moja, cha kuona ni wapi kwenye ule mwezi wa barafu kuna uvuguvugu. Kilikuwa ndicho kilichompa jina. Kilikuwa Kokwa yake.

"Hiyo ni yako," akasema.

"Inakula wati thelathini na sita."

"Toa cha mtu mwingine. Wewe ndiye kiongozi, nani atakuuliza? Toa kipimo cha vumbi."

"Watu wa vumbi bila mimi hawana mtu wa kuwatetea," akasema Renata. "Na kamera yangu ndiyo kubwa kuliko vifaa vyote na ndiyo inayotosha kuziba pengo. Nimeshawaambia wenzangu niliojenga nao. Mmoja kakata simu." Alisimama, akashika kitasa. "Kesho saa nne, Lyle."

Lile neno "Bosi" hakulitamka tena.

Ungedhani baada ya hapo wivu ungemtoka kwa aibu. Haukumtoka. Alisema ulizidi, ila ulihama mahali. Mpaka siku ile alikuwa akionea gere kiti cha Renata, picha zake, makofi yake. Sasa alimwonea gere kitu ambacho hakuna mkurugenzi angeweza kumpa mtu. Waamuzi walimwambia Lyle atoe Kokwa, akachagua kutokwenda kabisa. Renata hakuambiwa na mtu. Alihesabu, akatoa, saa mbili na nusu baada ya kuaibishwa. "Nilikaa pale mpaka mwanga wa nje ukafifia," aliniambia, "najiuliza mtu anaumbwaje hadi aweze vile. Ningekuwa na uwezo wa kumwibia kitu, ningemwibia hicho."

Namba alizileta kesho yake saa tatu na nusu. Kisha kwa wiki tatu alifanya kazi kama mtu anayelipa faini. Alipitia kila mstari wa sehemu ya umeme. Akagundua na makosa mengine mawili madogo, moja lake mwenyewe, na yote mawili aliyapeleka siku ileile, akisimama mlangoni kwa Renata bila kuingia.

Mwishoni mwa wiki ya pili alikuja na jambo jingine. Alikuwa amekaa nyumbani Jumamosi na Jumapili akitafuta wati. Aligundua kwamba redio ya chombo ikizimwa kwa zamu, kwa saa sita inazungumza na dunia na kwa saa sita imenyamaza, kamera ya joto ingeweza kurudi na kufanya kazi ile redio ikiwa imelala. Alizichora kurasa nane kwa mkono wake. Alinipitishia kwanza mimi nisahihishe lugha, na nilipomuuliza kwa nini anahangaika, alijibu bila kujificha.

"Nataka nimpe. Kifaa chake kikienda, kitakuwa kimekwenda kwa sababu yangu. Kila akikiona atanikumbuka."

"Lyle, hiyo si zawadi."

"Najua si zawadi. Sahihisha tu."

Renata alizisoma kurasa zote nane, Lyle amesimama. Alirudi ukurasa wa tatu mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa pale na rundo langu, na niliuona uso wake ukilainika, kwa sababu hesabu zilikuwa sawa, na aliona kabisa kwamba kifaa chake kingeweza kurudi.

"Inafanya kazi," akasema.

"Inafanya."

"Na swichi ikikwama siku moja, redio ikiwa imezimwa?"

Lyle aliitazama michoro yake.

"Tunakuwa na chombo bubu Neptuni," akasema Renata. "Waamuzi wataiona kabla hawajamaliza chai. Wewe mwenyewe ulinifundisha, usiweke kwenye andiko kitu ambacho usingelala nacho." Aliziweka kurasa pamoja, akazigonga mezani zikalingana, akamrudishia kwa mikono miwili. "Asante. Najua ulikaa nazo siku mbili. Lakini hapana."

Lyle alitoka na kurasa zake. Kwenye ujia alisema, "Hata hiyo hachukui," akaenda kula.

Andiko lilipelekwa Washington mwisho wa Machi. Jibu lilikuja Septemba: limechaguliwa, liingie hatua ya kuchunguzwa kwa kina, ambayo kwa watu wa kazi ile ni sawa na posa kukubaliwa. Tulikata keki ya bluu ukumbini. Renata alisoma barua kwa sauti. Waamuzi walikuwa wametaja sehemu mbili kama zenye nguvu kuliko zote, na moja ilikuwa ya umeme, "iliyoandikwa kwa uaminifu usio wa kawaida kuhusu kupungua kwa nguvu." Renata alisimama kwenye neno uaminifu, kidogo tu, kisha akasema, "Hiyo ni ya Lyle Brandvold," na watu wakapiga makofi. Wale waliokuwepo Februari walipiga pia.

Lyle alikuwa karibu na mlango, sahani ya karatasi mkononi. Doreen alikuwa pembeni yake. Lyle aliinama kidogo kama watu wanavyofanya wakipigiwa makofi wasiyoyataka.

"Ni ya huruma," aliniambia tulipokuwa tunatoka.

"Si ya huruma," akasema Doreen. "Ila hata yangekuwa ya huruma ungeyahesabu."

"Sekunde kumi na moja," akasema Lyle.

Doreen akacheka mpaka akashika gari.

Lyle alistaafu miaka miwili baadaye. Renata hakumsamehe kwa maneno, na Lyle hakuomba msamaha kwa maneno. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake. Lakini sehemu ya umeme bado inapita kwake. Kila mwezi wanamtumia majedwali, na kila mwezi anayarudisha siku hiyohiyo, na chini ya kila ukurasa ameweka herufi zake mbili kwa wino. Chombo kitakapofika Neptuni, kama kitarushwa kwa wakati, Lyle atakuwa na miaka themanini na mitatu.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Doreen alikuwa amekwenda kwa dada yake. Lyle alinipikia supu ya mbaazi, akaniuliza habari za wanangu na hakusikiliza majibu, mpaka mwisho akafika alipotaka.

"Anaendeleaje?"

"Renata? Siku hizi taabani. Wamefanya jaribio la sehemu ya nyuma ya chombo, joto la mitambo linarudi kwenye matangi ya mafuta. Hawajui kwa nini. Wanaweza kuchelewa mwaka."

Nilikuwa namtazama, kwa hiyo niliona. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Haikuchukua hata sekunde mbili. Kisha akaweka kijiko chini na kuangalia meza.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Nina miaka sitini na sita, Gwen, na bado."

Alisugua kitambaa cha meza kwa kidole gumba. Halafu akauliza ni tangi la kushoto au la kulia, na kama wale vijana walikuwa wamekumbuka kuweka pazia la karatasi ya fedha kati yake na mitambo, na umbali wake ni sentimita ngapi. Nilimwambia mimi ni mhariri, sijui. Akainuka, akaenda kuchukua simu ukutani, na supu ikiwa inapoa alimpigia.

"Renata," akasema. "Ni mimi. Nisomee namba za joto. Zote, polepole."